Mti Usio na Kuku

Mtu akitaja neno tathmini mbele yangu, mate hunijaa mdomoni, na si mate ya hamu. Ni yale yanayotangulia kutapika. Mume wangu anasema nimezidi. Eti watu wa mjini walikuja kwa adabu zao, wakavua viatu mlangoni, wakala pilipili yetu ya kutwanga mpaka machozi yakawatoka. Ndiyo, walikula. Walikula wakashiba wakashukuru, na hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko yote.

Lakini sikukaa hapa kujisemea mimi. Nataka kumsema Nopo, kwa sababu wanaokuja siku hizi kupiga picha kijijini kwetu wanamwona amekaa barazani na kitanda chake cha kufumia, wanasema lo, bibi mzuri, bibi mpole. Mpole! Waulizeni waliozaliwa hapa Tilo Klo. Ukipita chini ya nyumba ya Nopo bila kusalimia, unamwagiwa maji ya mchele kutoka juu. Ukisalimia vibaya, unamwagiwa maji na sufuria. Nyumba yake ni ya mwisho ukielekea msituni, na amekaa pale maisha yake yote kama mlinzi ambaye hakuna aliyemwajiri. Anafuma vibaya, nguo zake zinakwenda upande, lakini gongo lake la mchele halina mpinzani mlima mzima. Hata Baba Chidu, mkuu wetu wa kijiji, hulifuata kwa mlango wa nyuma mkewe akiwa shambani.

Mume alikuwa naye. Alishuka kwenda kutafuta kazi tambarare, akaipata, akapata na mke huko huko. Nopo hakulia. Alichukua suruali aliyoiacha akamfungia mbwa. Mbwa yule alitembea na suruali kijijini mpaka ikamwishia mwilini, na watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Alipata mtoto mmoja tu, Tilu, msichana. Kwetu mwanamke akishazaa haitwi tena jina lake, anaitwa mama wa fulani, hivyo na yeye alikuwa Mama Tilu kwa muda. Mtoto hakufika kukaa kitako. Homa ilimchukua mvua zikiwa bado zinanyesha, na kijiji, bila mtu kusema lolote, kikarudia kumwita Nopo. Hakuna aliyeulizwa. Jina la umama lilivuliwa kimyakimya.

Mimi nilizaliwa masika yale yale. Mama yangu alikuwa hoi, maziwa hayatoki, na Nopo maziwa yamemjaa na mtoto hana. Basi ziwa la Tilu nikalinyonya mimi, na mpaka leo namwita shangazi. Ndiyo maana ananitukana kuliko anavyowatukana wengine wote.

"Chimu we," ataniambia mbele za watu, "kichwa kigumu namna hiyo! Maziwa yangu yalikwenda bure, bora ningempa nguruwe."

"Nguruwe angekung'ata," namjibu.

"Na wewe ulining'ata!"

Ndiyo mazungumzo yetu hayo, tangu nimepata akili.

Sasa, kuna watu huzika kitovu cha mtoto. Sisi tunakifunga mtini. Kikidondoka, baba anakitia ndani ya kipande cha mwanzi, anakwenda kwenye msitu wa vitovu juu ya kijito, anachagua mti wenye afya, unaozaa, wenye ndege, anakifunga. Toka siku hiyo mti ni wa mtoto na mtoto ni wa mti. Roho yake inakaa huko nusu na nyumbani nusu. Hakuna anayeukata, hata wa adui yake. Baba yangu na baba wa Tilu walikwenda pamoja, wakachagua miti miwili inayotazamana, ile inayozaa njugu za miiba ambazo kuchakuro huzigombania. Mianzi ilioza zamani. Miti ikabaki, ikanenepa, ikagusana matawi huko juu.

Nilipokuwa mdogo nilimfuata Nopo kwa siri nione anakwenda kufanya nini msituni na jembe lake. Alikuwa akipalilia. Anapalilia mti! Na anausema.

"Umenenepa wewe," alikuwa anauambia. "Nani atakuoa na kiuno hicho? Mwenzako Chimu yule, ana kichwa kama jiwe lakini kiuno chake kinashikika." Halafu anafyeka, anatema tambuu, anaendelea. "Na njugu zako ziko wapi? Wenzako wameshadondosha. Umechelewa. Wewe kila kitu unachelewa."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama. Mama akanipiga kofi, akasema nikimchungulia tena mtu akiwa na mwanawe atanikata masikio. Sikumchungulia tena. Lakini kila mwaka njugu zikianza kudondoka, Nopo alileta kikapu kwetu, akakibwaga mlangoni bila salamu, na mama alipokea bila kuuliza zimetoka mti upi.

Basi. Wakaja hao watu.

Kampuni moja ya mjini ilitaka kujenga hoteli mgongoni mwa mlima, mahali ambapo asubuhi mawingu hukaa chini yako. Barabara ya kufika huko ilipaswa kukata msitu wetu mahali fulani. Serikali ikasema sawa, lakini kwanza msitu ufanyiwe hesabu: una faida gani kwa jamii, una faida gani kwa viumbe, kila faida ipewe bei, ndipo ijulikane kipi kikatwe na nani alipwe. Aliyeletwa kupiga hesabu anaitwa Daktari Worawit. Si wa sindano, ni wa vitabu. Mtu mpole, mnene kidogo, anacheka kwa urahisi, anamwamkia kila mzee kwa viganja vilivyofumbatana. Akishamaliza kuamkia anatoa karatasi laini yenye marashi, anajipangusa vidole kimoja kimoja. Alikuja na wasichana wawili wenye vishikwambi, nao wazuri, nao wapole. Laiti wangekuwa wakorofi! Mkorofi unajua pa kumshika.

Tulikusanyika nyumbani kwa Baba Chidu. Daktari akauliza kwa Kithai, Baba Chidu akiwafasiria wasiokisikia vizuri. Alianza na maji.

"Kijito kikikauka, mngekuwa tayari kununua maji kwa bei gani?"

"Tungehama," akajibu mzee mmoja.

Wasichana wakatazamana, wakaandika kitu. Akaja kwenye uyoga, akaja kwenye machipukizi ya mwanzi, akaja kwenye hewa chafu ambayo eti miti inaivuta na huko duniani kuna watu wanainunua. Tuliona vichekesho. Akafika kwa ndege.

"Yule ndege anayewaamsha alfajiri," akasema, "mngelipa kiasi gani ili asitoweke?"

"Mimi ningelipa anyamaze," akasema Nopo kutoka pembeni, na nyumba nzima ikaangua kicheko. Daktari mwenyewe alicheka mpaka miwani ikateleza. Tukampenda. Nasema wazi, siku ile tulimpenda, na nikikumbuka jinsi tulivyompenda najisikia kama nimemeza nzi.

Ndipo akauliza habari za miti ya vitovu. Aliuliza kwa sauti ya chini, kwa heshima, kama mtu aliyeingia chumba cha wagonjwa. "Mti wa mtu ukikatwa, desturi yenu inadai nini?"

Hapo kila mtu akataka kusema yeye. Ni nani asiyependa kuulizwa desturi yake na mgeni aliyeinamisha kichwa? Tukamwambia kwa midomo yote: anadaiwa kuku. Aliyekata, hata kwa bahati mbaya, analeta kuku. Kuku anachinjwa. Roho ya mwenye mti imeshtuka, imetawanyika huko porini, haina pa kushika, lazima iitwe. Mama wa mtu, au bibi yake, anagonga ngazi ya nyumba kwa mwiko na kuita: rudi, usikae kijitoni, usikae mashimoni, rudi kwenye moto wako, rudi kwenye wali wako. Anauliza, umekuja? Na mwenyewe aliyeko ndani anajibu, nimekuja. Kisha anafungwa uzi mkononi na wanakula kuku pamoja, aliyekata na aliyekatiwa, na kinyongo kinakwisha hapo.

"Kuku gani?" akauliza Daktari.

Loo, ungesikia kelele! Mmoja anasema jogoo kwa mwanamume, mtetea kwa mwanamke. Mwingine anasema hapana, huo ni uzushi wa bonde la pili. Baba Chidu akapaza sauti kwamba rangi si kitu, la maana ni kuku mzima: mdomo mzima, vidole vyote, kucha zote, asiwe na kovu, kwa sababu roho haimfuati kilema kurudi nyumbani. Tulibishana mpaka pilipili ikapoa. Wasichana waliandika na kuandika.

"Kwa hiyo," akasema Daktari, "kila mti, kuku mmoja?"

"Kila mti, kuku mmoja!" tukaitikia, mabwege sisi, kama watoto darasani.

"Wangu hauna kuku," akasema Nopo.

 Sisi tulielewa, tukatazama chini. Kuku anachinjwa ili mtu aliye hai arudishiwe roho yake. Aliyekufa haitwi. Kumwita aliyekufa ni kukaribisha kifo ngazini. Kwa hiyo mti wa Tilu hauna faini inayoulipa, hata ulete kuku wa nchi nzima. Hauguswi, basi. Ndivyo alivyosema, na kwetu hakuna kusema zaidi ya hapo.

Daktari akainama kwake kwa upole. "Hauna kuku, mama? Hata kifaranga?"

"Hauna."

"Vizuri, mama. Asante sana."

Nopo akaenda zake amefurahi. Tulipokuwa tunarudi aliniambia, "Nimewaambia mimi. Wako wewe watakata wakila kuku. Wa Tilu hawaugusi." Akanicheka njia nzima, eti roho yangu itarukaruka porini kama panzi na yeye hatakuja kuiita, atakuwa na kazi.

Mvua zilipokatika wakarudi. Safari hii walileta mchoro mkubwa, wakautundika ukutani kwa Baba Chidu, juu ya picha ya harusi ya mwanawe. Mchoro wa duara, kama keki iliyokatwa vipande vya rangi. Kipande kikubwa cha kijani: hewa. Cha buluu: maji. Cha njano, nacho kikubwa: mandhari, yaani furaha watakayoipata wageni wa hoteli wakitazama msitu ambao hoteli imeukata. Uyoga ukapewa chake, ndege wakapewa chao. Na pale pembeni ukisogea sana kulikuwa na ukucha mmoja mwembamba wa zambarau.

"Huo ni utamaduni," akasema Daktari. "Tumeupata kutoka kwenu wenyewe."

Mimi si mwepesi wa hesabu. Nilikaa nikiutazama ule ukucha. Halafu nikaelewa. Walichukua miti yote ya vitovu, wazee na watoto, waliopo na waliohama, wakaizidisha kwa kuku. Bei ya kuku sokoni, baht mia na themanini. Ndiyo sisi hao, ukucha wa zambarau.

Na barabara? Barabara ilikwishachorwa. Mashine yao imetafuta njia yenye gharama ndogo, akatueleza msichana mmoja, akionyesha kwa kidole chake kisafi. Inaanzia hapa, kwa sababu mti huu haukuwa na gharama yoyote. Sifuri. Kutoka hapo unakuja huu, kuku mmoja, halafu huu, kuku mmoja. Alikuwa ameweka kidole juu ya Tilu, akakitelezesha mpaka juu yangu.

Watu wakaanza kupiga kelele. Kuku si bei! Kuku ni faini! Mtu akiiba mbuzi akatozwa faini, je, mbuzi amemnunua? Daktari alisikiliza wote, akitikisa kichwa kwa huruma, akisema ninaelewa, ninaelewa. Alipokwisha kuelewa akasema, "Basi tufanye kuku wawili?"

Nikatema mate. Nilitema pale pale kwenye sakafu ya Baba Chidu, na mkewe hakunikemea. Lakini nilimwona Baba Chidu macho yamemng'aa, na mzee mmoja anamnong'oneza jirani yake, wawili si haba. Hilo nalo nililiona. Watu wa mjini watutie kinyaa wao, na sisi tujitie wenyewe!

Nopo alikuwa bado hajaelewa. Nilimfasiria mimi. Nilimwambia, wanasema wa Tilu ni bure.

Alisimama polepole, akaenda mpaka mbele ya Daktari, akamtazama kama anavyotazama wali ulioungua.

"Kuku ni wa kuita roho irudi," akamwambia, nami nikifasiri. "Mwanangu alikufa. Nitamwita arudi wapi? Ndiyo maana hauna kuku. Hauna, yaani hakuna kitu cha kuleta. Umesikia?"

 Nadhani alisikia kweli. Akatoa karatasi yake ya marashi akaishika tu bila kujipangusa. "Mama, pole sana," akasema. "Hebu tusaidiane. Taja kiasi chochote. Kikubwa hata. Nikipata kiasi, naweza kukiingiza na barabara ikasogea. Mashine haikubali nafasi tupu."

Wote tukamgeukia Nopo. Mtu mmoja akamwambia, taja milioni, Nopo! Mwingine akasema, taja ndovu mia! Mimi mwenyewe nilimshika mkono, nikamwambia, "Sema chochote, shangazi. Sema tu. Watausogeza."

"Una mtoto?" Nopo akamuuliza Daktari.

"Nina binti."

"Basi anza wewe. Taja wa kwako, mimi nitafuata."

  Wasichana walitazama vishikwambi vyao. Daktari akajipangusa vidole, kimoja kimoja, mpaka vyote vikaisha.

"Itabaki sifuri, mama," akasema. "Samahani sana." Na nakuapia alisikitika, alikuwa na machozi. Machozi yake yalinichefua kuliko ile keki.

Walikuja na misumeno ya mashine na katapila asubuhi moja tukiwa tunavuna. Nopo hakwenda kuzuia. Watu wa picha wangependa akumbatie mti, wapate cha kuonyesha. Alikaa barazani akafuma, na alipiga uzi kwa nguvu mpaka nyumba ikatikisika. Mimi nilikuwa shambani kwenye mteremko, nikausikia wa kwanza ukianguka, halafu wa pili. Sikujua upi ulikuwa wa Tilu na upi wangu. Nilikaa chini kwenye mpunga.

Kesho yake wakaleta kuku. Kwa lori! Wamepangwa kwenye kreti za plastiki, weupe, kuku wa kisasa wale, waliolishwa wakavimba vifua hawawezi kusimama, na midomo imekatwa ncha wasidonoane. Wanahema. Mwili wa chini hauna manyoya, ngozi nyekundu kama ya mtu aliyeungua. Harufu yao ilifika kabla ya lori. Huyo ndiye kuku mzima, mdomo mzima, asiwe na kovu! Baba Chidu akasimama na karatasi akiita majina, na kila aliyeitwa akatoka kupokea kuku wake wawili, miguu juu, kichwa chini. Watu walitania. Mmoja akasema, "Roho yangu ikimwona huyu itakimbilia Burma." Wakacheka, na jioni ile ile kila nyumba ilikuwa inachemsha. Hawakuita roho, hawakufunga uzi. Walikula tu, na wakasema nyama ni laini.

Nami niliitwa. Nikapokea. Nikawafunga chini ya nyumba, na mmoja akafa usiku bila mtu kumgusa, amejilalia tu. Mwingine alikaa pale akijinyea, mume wangu akinoa kisu na mimi nikimwambia ukimchinja huyo utamla peke yako na utalala peke yako.

Nopo alishuka kutazama, amefunga mikono. Jina lake halikuitwa, maana sifuri haina kuku. Mjinga mmoja akamtania, "Vipi Nopo, wewe umesusa?" Hakumjibu. Nopo hakumjibu mtu! Hapo ndipo nilipoogopa.

Baada ya mavuno kwisha alikuja kwangu asubuhi, ngazini, hakupanda. Kwapani amembana mtetea wake mwekundu, yule anayetaga, mdomo mzima, vidole vyote. Mkononi ana mwiko.

"Njoo kwangu ukaangalie wali usiungue," akasema. "Na ufunge mdomo."

"Unakwenda wapi, shangazi?"

"Nimesema ufunge mdomo."

Nilikwenda. Habari ilikuwa imeshanitangulia, maana Baba Chidu alikuwa amesimama njiani na wazee wawili, wamemziba. "Nopo, aliyekufa haitwi," akamwambia. "Unajua. Utatuletea balaa sote."

"Haitwi kwa sababu ametulia," akasema Nopo. "Alikuwa na pa kukaa. Nimempalilia miaka yote nisimsumbue na yeye asinisumbue. Sasa akae wapi? Hotelini?"

"Desturi—"

"Desturi uliila juzi na chumvi. Nipishe."

Wakampisha. Alipanda mpaka kwenye visiki. Mimi nilikuwa nyumbani kwake kando ya moto, nakoroga wali usiohitaji kukorogwa, na niliisikia sauti yake ikishuka kwa ile njia mpya nyekundu waliyoikata. Sauti yake ni mbaya, ya kukwaruza, hajawahi kuimba mtu akapenda. Anaita. Rudi, usikae kijitoni. Usikae kwenye udongo huu, si wako. Usiyafuate magari. Rudi kwenye moto, rudi kwenye wali. Hakutaja jina, aliita tu mwanangu, mwanangu. Huko chini ya nyumba za watu kuku weupe waliobaki walikuwa wakihema, na hakuna jirani hata mmoja aliyetoka mlangoni.

Akafika ngazini. Nikasikia mwiko: ko, ko, ko.

"Umekuja?"

Kule kwenye kuita, kuna wa kujibu. Ndiyo kazi ilivyo, mmoja anaita na mwenyewe anajibu. Hapa mwenyewe hayupo. Wali ulikuwa unatokota. Akagonga tena.

"Mwanangu, umekuja?"

Niliambiwa nifunge mdomo, na nilijua nikijibu nimejibu kwa niaba ya nani, na wazee wanasema kinampata nini anayefanya hivyo. Akagonga tena, na safari hii hakuuliza. Aligonga tu, akasubiri. Nilimwona kupitia upenyo wa mianzi, mtetea kwapani, ameinua uso.

"Nimekuja," nikasema.

Mwiko ulinyamaza. Kisha ngazi ikaanza kulia, anapanda polepole, magoti yake si ya jana. Akaingia, akaniangalia, akavuta uzi mweupe kiunoni mwake, akanishika mkono na kuufunga kwa nguvu mpaka nikasema aa.

"Umechelewa," akaniambia. "Kaa ule, wali unapoa."